Lou Pearlman hakufungwa kwa sababu ya wasanii

Shikamooni wakubwa wangu, na nyie wengine mambo vipi. Asanteni kwa kunialika. Mimi ni mtu wa hesabu, kazi yangu ni kukaa na risiti za watu, na najua mkiona mhasibu anapanda jukwaani kwenye kikao cha wasanii na mameneja mnaanza kuangalia mlango uko wapi. Tulieni, leo sijaja na mambo ya kodi. Nimekuja na mtu mmoja tu, Lou Pearlman, Mmarekani, yule aliyeyaunda makundi ya vijana waimbaji, Backstreet Boys na NSYNC, akafa tarehe 19 Agosti 2016 akiwa mfungwa, na miaka yake 62.

Nimemchagua yeye kwa sababu watu wengi wanaojua habari zake wanajua nusu. Ukimuuliza mtu kwa nini alifungwa atakwambia aliwaibia wale vijana. Hapana bwana. Kwa yale aliyowafanyia wale vijana hakulala ndani hata usiku mmoja. Walichoweza wao ni kumshtaki madai, wakalumbana na mawakili, wakapatana, kila mtu akaenda zake. Kilichomfunga ni wastaafu waliompa akiba zao na mabenki yaliyomkopesha. Na mimi nasema hizo hadithi mbili ni biashara moja, na ndio nitakachojaribu kuwaonyesha leo, mtanivumilia.

Tuanze na maputo. Pearlman amezaliwa 1954 Queens, New York, mtaa wa Flushing, karibu na nyumba yao kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege na pale ndio zilikuwa zinatua zile ndege puto, yale madude makubwa yanayopita polepole juu ya viwanja vya mpira yakiwa na tangazo ubavuni. Kijana akazipenda kupita kiasi. Halafu kumbuka binamu yake ni Art Garfunkel, yule wa kundi la muziki la Simon & Garfunkel, kwa hiyo tangu mdogo anaona kwamba umaarufu sio kitu cha watu wa mbali, unaweza kuwa ndani ya ukoo. Hayo mawili, ndege na umaarufu, hayakumtoka maisha yake yote.

Biashara yake ya kwanza ya kueleweka ndio hiyo ya maputo, na hapa msikilize vizuri kwa sababu mtu ameshaonekana tayari. Alienda kwa kampuni ya jinzi ya Jordache akawakodisha ndege puto ya kubeba tangazo lao, na wakati anawakodisha hiyo ndege yeye hana ndege. Hana. Akachukua hela yao ndio akaenda kutengeneza. Ikapakwa rangi ya dhahabu, na mwezi wa 10 mwaka 1980 ikaruka kutoka Lakehurst, New Jersey, palepale ilipoungulia ndege puto ya Wajerumani, Hindenburg, mwaka 1937, na ikaanguka siku hiyohiyo ya kwanza. Wakashtakiana, kesi ikaenda miaka saba, na mwisho wake Pearlman ndio akashinda, akalipwa dola milioni 2.5! Yaani aliuza kitu ambacho hana, kikaanguka, akalipwa. Sasa mtu akipata somo kama hilo akiwa bado kijana unategemea ajifunze nini?

Kesi ikiwa bado inaendelea, mwaka 1985 akaanzisha Airship International, akauza hisa kwa umma, akapata kama dola milioni 3 za kununulia puto lingine. 1991 akahamia Orlando, Florida. Maputo yakaendelea kupata ajali, hisa zikashuka, ila jamaa alikuwa na mkono mwingine, kukodisha ndege za kawaida kwa watu wenye hela. Katika wateja wake wakawemo New Kids on the Block, kundi la vijana waimbaji. Akashangaa, hawa watoto wanapata wapi hela ya kukodi ndege? Akaambiwa rekodi, matamasha, fulana, mabango, wanatengeneza mamia ya mamilioni. Basi. Mtu wa maputo akaamua kuingia kwenye muziki, na hakuwa na historia yoyote ya maana kwenye muziki.

Nitapita haraka kwenye sehemu ambayo wengi mnaijua. Akaweka tangazo, akafanya usaili, wakapatikana watano, 1993 wakawa Backstreet Boys, shoo yao ya kwanza wakaifanyia SeaWorld, bustani ya burudani palepale Orlando. Akawatafutia Johnny Wright na mkewe Donna wa kuwasimamia, Johnny alishafanya kazi na haohao New Kids. Wakashika kwanza Ulaya, hasa Ujerumani, kabla Marekani hawajawaelewa. 1995 akafungua kundi la pili, NSYNC, na mantiki yake ilikuwa kwamba kama kuna soda moja inauzika basi kutakuwa na ya pili, bora ya pili nayo iwe yangu. Baadaye wakaja LFO, O-Town, Take 5, US5 na wengine.

Na nimtendee haki hapa. Wapo wanaosema hakuwa na lolote, mimi sikubali. Aliwalipia walimu wa sauti, walimu wa kucheza, nyumba ya kukaa, mazoezi ya kila siku kwenye joto la Florida, akawa anawaita wanawe na wao wanamwita Big Poppa. Hela ilitoka kweli. Dola milioni 3 zinatajwa kwenye kuliibua lile kundi la kwanza tu. Hiyo hela ilitoka wapi nitarudi.

Sasa mkataba. Hapa ndio nataka mameneja mkae vizuri.

Pearlman alikuwa meneja. Alikuwa pia mwenye kampuni ya kurekodi. Alikuwa pia prodyuza kwenye makaratasi. Na juu ya yote hayo alijiandika kama mwanakundi wa sita. Sio utani, kundi la watu watano mgao unagawanywa kwa sita, na wa sita haimbi, hachezi, hapandi jukwaani. Ngoja nitumie namba za mfano, hizi ni za kwangu mimi za kufundishia, sio za mkataba wake. Tuseme imeingia dola 100. Kwanza zinarudi gharama, za studio, safari, nguo, walimu, tuseme 40. Zinabaki 60. Kampuni ya kurekodi inachukua nusu, 30, zinabaki 30. Meneja anachukua asilimia 20 yake, ambayo ni 6, zinabaki 24. Sasa gawanya kwa sita, kila mmoja dola 4. Vijana watano wakijumlishwa wote wana 20. Jamaa mmoja ana 30 za kampuni, 6 za umeneja, 4 za uanakundi, jumla 40, na zile 40 za gharama zilipita mkononi mwake na yeye ndio anayesema gharama ilikuwa kiasi gani. Kwa nje kila asilimia ukiiangalia peke yake haishtui. Asilimia 20 ya umeneja? Ya kawaida. Kampuni kuchukua nusu? Zipo. Gharama kurudi kwanza? Ndio mikataba ilivyo. Shida inakuja pale mifuko yote inapokuwa kwenye suruali moja.

Brian Littrell wa Backstreet Boys ndio alikuwa wa kwanza kuuliza, 1997 akaenda mahakamani, wenzake wakamfuata. Swali lake lilikuwa jepesi tu, kwa nini kundi zima limepata dola 300,000 kwa kazi yote ile wakati Pearlman na kampuni wamepata milioni 10? Kwa NSYNC ndio kabisa. Lance Bass amesimulia mara nyingi kwamba walikuwa wanaishi kwa posho ya dola 35 kwa siku, wameshauza mamilioni ya nakala, siku ikafika wakaitiwa chakula cha jioni cha heshima wakabidhiwe hundi zao za kwanza, kila mtu na wazazi wake pembeni, akafungua bahasha akakuta dola 10,000. Akaichana. Wakapeleka mkataba kwa wanasheria, wakaanza kutoka, na 1999 upande wa Pearlman ukawafungulia kesi ya dola milioni 150 wasiende kampuni nyingine na wasitumie hata jina lao. Wakamalizana nje ya mahakama. Machi 2000 albamu yao mpya ikauza nakala milioni 2.4 ndani ya wiki moja Marekani, na yeye akawa ameshaachwa pembeni.

Karibu kila kundi aliloliunda lilimshtaki, katika yale yenye majina ni US5 tu ambao hawakwenda mahakamani. Kila kesi iliisha kwa yeye kushindwa au kukubali kuelewana. Na bado, narudia, hakuna askari aliyegonga mlango wake. Kwa nini? Kwa sababu mkataba mbaya sio jinai. Umesaini, una akili timamu, mamako alikuwa pembeni, karatasi inasema mgao ni kwa sita na umegawanywa kwa sita. Jaji wa madai anaweza kukusaidia kutoka, mwendesha mashtaka hana kazi hapo. Wasanii wengi wana imani kwamba wakinyonywa sana kuna siku serikali itaingilia. Ndugu zangu, serikali ya Marekani iliangalia yale yote kwenye magazeti miaka kumi na haikuingilia, kilichowatoa wale vijana ni wanasheria wa kukodi na namba zilizoandikwa.

Tuje sasa kwenye ile nusu nyingine. Hela ilikuwa inatoka wapi?

Kampuni mama ya Pearlman iliitwa Trans Continental. Ilikuwa na matawi chungu nzima, na mawili ya muhimu yalikuwa Trans Continental Airlines na lile la huduma za usafiri. Kwenye vipeperushi ni shirika la ndege la kueleweka, kwenye hali halisi lilikuwa kwenye makaratasi tu. Hata picha ya ndege yenye jina la kampuni iliyotumika kwenye matangazo imekuja kuelezwa kwamba ilikuwa ni ndege ya kuchezea imepigwa picha kwa ufundi ionekane inaruka. Mnaikumbuka ile Jordache ya 1980? Mtu hakubadilika.

Kwa jina la hiyo kampuni akawa anauza mpango wa akiba, aliuita akaunti ya akiba ya uwekezaji ya wafanyakazi, kwa kifupi EISA. Maelezo yake yalikuwa hivi, kampuni yetu ni kubwa, wafanyakazi wetu wana mpango wao maalumu wa akiba, riba yake ni nzuri kuliko ya benki kidogo, na wewe kwa kuwa umeletwa na mtu tunayemfahamu tunakuingiza. Na hela yako ina bima, bima ya FDIC, ya AIG na ya Lloyd's ya London. Wastaafu wa Florida wakaingia, marafiki wakaingia, watu waliokuwa wameuza nyumba wakaingia, madalali waliokuwa wanauzia watu bima wakawa wanauza na hii kwa kamisheni.

Jamani, FDIC ni shirika la serikali ya Marekani linalokatia bima amana za benki. Za benki. Miaka ile kikomo chake kilikuwa dola 100,000 kwa mwenye amana. Kampuni ya ndege haiwezi kuwa na bima ya FDIC, haiwezi kabisa, hata iwe na ndege za kweli. Yaani uongo wenyewe ulikuwa umeandikwa pale juu ya karatasi kwa herufi kubwa, na mtu yeyote ambaye angepiga simu kwa FDIC wenyewe akawauliza hii kampuni mnaijua angejibiwa hapohapo. Watu walimpigia Pearlman wakamuuliza yeye. Yeye akawaonyesha karatasi nyingine.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma kama mtu wa fani. Mabenki hayakopeshi kwa kuangalia sura, yanataka hesabu zilizokaguliwa. Pearlman akawapelekea hesabu zilizokaguliwa na kampuni ya Cohen & Siegel. Barua nzuri, muhuri, saini. Cohen & Siegel haikuwepo! Aliitunga. Simu yake ilikuwa inapokelewa na huduma ya kulipia ya kupokea simu, ukipiga dada anakujibu vizuri, ofisi ya Cohen & Siegel nikusaidie nini, na hapo ndio mwisho wa ofisi. Na mabenki, yenye idara nzima za watu wamesomea haya mambo, yakakopesha mamilioni kwa mamilioni. Wahasibu wana bodi, wana leseni, wana namba za usajili, kumkagua mkaguzi ni kazi ya dakika chache. Ukiniambia bibi wa miaka 75 hakufanya hivyo nitakuelewa. Benki siielewi mpaka leo.

Ila ninajua kilichowapofusha, na ndio naposema biashara ilikuwa moja. Mtu anaingia ofisini kwa Pearlman anakuta ukutani rekodi za dhahabu na za platinamu kuanzia mlangoni. Anapewa tiketi, anapelekwa nyuma ya jukwaa, mjukuu wake anapiga picha na Justin Timberlake wa NSYNC. Baadaye jamaa akanunua Church Street Station, eneo zima la burudani katikati ya jiji la Orlando. Ukitoka hapo utauliza mambo ya mkaguzi kweli? Umeona kwa macho yako uwanja umejaa, watoto wanazimia, unajiambia mwenye hawa vijana hawezi kukosa hela ya kunilipa mimi riba. Na kumbe hela ya hao vijana kwa sehemu kubwa ilikuwa imeshaanza kumponyoka tangu 1998, 1999. Umaarufu wao ulibaki ukutani ukifanya kazi ya dhamana. Katika vitabu vyake vyote kitu pekee kilichokuwa cha kweli ni wale vijana, na ndio aliowalipa kidogo.

Rudi kwenye zile dola milioni 3 za mwanzo, mazoezi, nyumba, walimu. Kwa mujibu wa kesi huu mchezo uliendeshwa zaidi ya miaka 20 kabla haujaanguka 2007. Toa 20 kwenye 2007, hesabu mwenyewe. Ulikuwepo kabla ya Backstreet Boys kuzaliwa. Mimi siwezi kukuonyesha noti moja nikasema hii ilitoka kwa mstaafu fulani ikanunua viatu vya kuchezea vya fulani, hela haina kumbukumbu, ila kwa mhasibu yeyote mfuko ulikuwa mmoja.

Mchezo wenyewe wa kitaalamu unaitwa Ponzi, kwa jina la Charles Ponzi aliyewaliza watu Boston mwaka 1920, kwetu ukisema upatu wa kitapeli kila mtu anaelewa. Wa kwanza analipwa kwa hela ya wa pili, wa pili kwa hela ya wa tatu, hakuna biashara yoyote katikati. Ila angalieni tofauti. Ponzi aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45, kwa hiyo aliwaka na kuzimika ndani ya mwaka. Pearlman aliahidi riba ya kawaida tu, juu kidogo ya benki, hakuna anayeshtuka, na la muhimu zaidi watu wengi hawatoi hela, wanaiacha izae. Mtu asipotoa wewe huhitaji kumlipa, unahitaji kumtumia karatasi yenye namba kubwa kuliko ya mwaka jana. Ndio maana ulidumu. Tatizo la karatasi ni kwamba inakua. Chukua mfano wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, dola milioni 10 usizozigusa miaka 20 zinakuwa zaidi ya milioni 46 kwenye karatasi, wakati mfukoni zile 10 zilishaliwa zamani. Tena hizo ni za walioingia mwaka wa kwanza peke yao. Anayeendesha mchezo huu hata asipoiba senti moja zaidi deni linamkimbiza lenyewe.

Kuna kitu huwa kinanifurahisha kwa ubaya. 2003, katikati ya yote haya, jamaa alitoa na kitabu cha kuwafundisha watu biashara. Kikauzwa madukani.

2006 watu wakaanza kudai hela zao zikawa haziji, unaambiwa wiki ijayo, unaambiwa kuna makaratasi, mabenki nayo yakaanza kwenda mahakamani. Mamlaka za Florida zikachunguza, na Februari 2007 zikatangaza hadharani kwamba ule mpango wa akiba ni utapeli mkubwa na jimbo likaishika kampuni. Jaji akaamuru Pearlman na washirika wake warudishe Marekani mali zilizotoka nje. Mwenyewe hayupo, kaonekana Ujerumani, kisha akapotea. Mabenki yakaisukuma kampuni kwenye ufilisi. Juni 2007 kuna mtalii kutoka Ujerumani yuko Bali, Indonesia, anakula kifungua kinywa hotelini, akamwona mzungu mnene akasema huyu si yule? Akatuma ujumbe kwa gazeti la St. Petersburg Times la Florida ambalo lilikuwa limeikomalia hii habari, ikafika FBI, wakaenda kumchukua tarehe 14. Hotelini alikuwa amejiandikisha kwa jina la A. Incognito Johnson. Naapa sijatunga. Aliyetunga kampuni ya ukaguzi ikadanganya mabenki miaka yote ile, alipokimbia akashindwa kutunga jina la mtu wa kawaida.

Na kaeni mkijua kilichomkamatisha Bali ni ileile sura aliyoihangaikia Ujerumani miaka ya tisini. Wajerumani ndio waliowapenda vijana wake kabla ya mtu yeyote.

Wakampeleka Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kisha Florida. Machi 2008 akakiri, njama makosa mawili, kutakatisha fedha, na kutoa maelezo ya uongo kwenye kesi ya ufilisi. Tarehe 21 Mei 2008 Jaji G. Kendall Sharp akampa miaka 25. Hasara iliyozungumzwa ni zaidi ya dola milioni 300, sehemu ya wenye akiba, ambao ni zaidi ya watu elfu moja, na nyingine ya mabenki. Na jaji akafanya hesabu ambayo mimi naipenda sana, akasema kwa kila dola milioni moja utakayosaidia ipatikane na irudi kwa watu, nakupunguzia mwezi mmoja. Miaka 25 ni miezi 300. Hasara ni milioni 300. Yaani zirudishe zote utoke leo. Akaamuru pia watu binafsi walipwe kabla ya mabenki, na hapo nilimheshimu. Jamaa alikuwa ameomba huko ndani apewe simu na intaneti ili aendelee kuwatangaza wasanii wake, akakataliwa.

Mnajua jibu la ile hesabu. Tarehe ya kutoka kwake ilikuwa imepangwa Machi 2029. Alipata kiharusi 2010, moyo ukasimama 2016. Hela haikuwepo ya kurudisha, huwezi kurudisha kitu kilichokuwa namba kwenye karatasi. Na miezi michache tu baada ya hukumu yake, Desemba 2008, akakamatwa Bernard Madoff huko New York kwa mchezo uleule na kwa mabilioni, dunia nzima ikageukia huko na wastaafu wa Orlando wakasahaulika.

Nimalizie na mfilisi, kwa sababu hili watu huwa hawalijui na linawahusu mameneja. Kampuni ikifilisika mahakama inaweka mtu wa kukusanya kilichobaki. Huyu alianza na vitu, rekodi za dhahabu zilezile za ukutani zikapigwa mnada, kumbukumbu za wasanii, samani. Haikufika popote. Akahamia kwa watu. Wale waliokuwa wametoa hela zao mapema, na faida juu, waliojiona wajanja au wenye bahati, wakapata barua kwamba ile faida uliyolipwa ilikuwa ni hela ya mwenzako, irudishe. Kuna waliokuwa wameshaitumia zamani, wamesomeshea watoto, hawakujua lolote, na hawakumtapeli mtu. Sheria ya ufilisi ya kule haijali sana ulijua au hukujua, inaangalia ulichopokea kuzidi ulichoweka. Na madalali waliokula kamisheni nao wakafuatwa. Kwa hiyo wewe meneja mdogo unayefanya kazi chini ya bosi mwenye miradi mingi na akakwambia niletee watu waweke hela nikupe asilimia yako, jua kwamba ile asilimia ina miguu, inaweza kurudi ilikotoka baada ya miaka mitano ikakukuta umeshajenga nayo.

Na kwa wasanii, mkiniletea mkataba jambo la kwanza nitakalofanya ni kuchora mstari kila mahali jina moja linapojirudia. Meneja ni fulani, mwenye lebo fulani, mwenye studio fulani, anayetoza gharama fulani, mkaguzi wa hesabu kaletwa na fulani. Halafu natafuta ile sentensi inayokupa haki ya kuleta mhasibu wako mwenyewe aangalie vitabu vyao, wapi, lini, na nani anamlipa. Mikataba mingine inayo, imefichwa kule ukurasa wa mwisho na imewekewa muda, ukipitisha umeshapoteza mwaka huo. Mingine haina kabisa, na hiyo mimi siwezi kukuambia usisaini, maisha yako unayajua wewe, ila nitakuandikia kwenye karatasi kwamba nilikwambia.

Haya, nimeongea sana, maji yameisha hapa mezani. Kuna dada pale mstari wa tatu amenyoosha mkono tangu nilipogawanya kwa sita, mpeni maiki, na kaka wa nyuma mwenye kofia ajiandae.